Kupima Kwanza: Sifa za Fundi wa Kadi za Grafiki mjini Rumonge

Rumonge, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, ni mji wa mawese na samaki. Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya RN3, ziwa likiwa kulia kwako na milima kushoto, unakwenda kilomita 70 na ushei hadi michikichi inapoanza kukuzunguka pande zote, hapo umefika. Mafundi wanaotajwa kwa heshima huku tangu zamani ni wale wa ziwa na wa shamba: waunda mashua, mafundi wa injini za boti, watu wanaojua mtambo wa kukamua mawese ukigoma pa kuanzia ni wapi. Leo nataka kumsifu fundi ambaye bado hajapewa haki yake. Ni yule anayetengeneza kompyuta za kuchezea gemu, na hasa anayejua kuisoma kadi ya grafiki inapoanza kuleta matatizo.

Kadi ya grafiki ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye skrini. Chukua gemu kama GTA V, iliyofika kwenye kompyuta Aprili 2015 na ambayo vijana wanaipenda mpaka leo. Kila gari, kila kivuli, kila tone la mvua linachorwa upya mara 30, mara 60 au zaidi kwa sekunde moja. Kazi hiyo ni nzito mno, ndiyo maana kadi ina chipu yake yenyewe, kumbukumbu yake, feni zake, na mara nyingi waya wake wa umeme. Ikiharibika, skrini inabaki nyeusi, au picha inajaa mistari, au gemu inakatika katikati ya mchezo. Na kwa kuwa mara nyingi ndicho kifaa ghali kuliko vyote ndani ya mashine, mwenye mashine anapoiona skrini nyeusi huwa ameshakata tamaa kabla hajafika kwa fundi.

Mashine zenyewe zina safari ndefu. Nyingi hazikuzaliwa kuwa mashine za gemu. Ni Dell OptiPlex au HP EliteDesk zilizofanya kazi za ofisi huko Ulaya au Ghuba, zikachakaa machoni pa wenyewe, zikauzwa kwa jumla, zikapita Dubai na Dar es Salaam, mwisho zikafika Bujumbura na kusambaa mwambaoni. Kijana anainunua, kisha anatafuta kadi ya kuitia. Kwa miaka mingi iliyopendwa ni GTX 1050 Ti, ambayo kampuni ya Nvidia iliitoa Oktoba 2016, kwa sababu moja ya maana: inakula wati 75 tu, nazo zote zinatoka kwenye sloti ya mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine, bila waya wa ziada. Mashine za ofisi zina pawasapulai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine) ndogo, mara nyingi chini ya wati 300, na nyingi hazina waya huo wa ziada kabisa. Wanaotaka nguvu zaidi hununua kadi zilizotumika. Hizo ziliongezeka sokoni baada ya tarehe 15 Septemba 2022, siku ambayo mtandao wa Ethereum uliachana na uchimbaji wa sarafu za kidijitali kwa kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zikichimba usiku na mchana zikamwagwa kwa bei ya chini duniani kote.

Kwa hiyo mashine inayowekwa juu ya meza ya fundi wa Rumonge ina historia ambayo hakuna aliyeiandika. Haina risiti, haina dhamana, haina kitabu cha maelezo. Kipuri kikihitajika, cha karibu kiko Bujumbura, na huenda huko pia hakipo. Hapa ndipo ustadi wa fundi huyu unapoanzia. Penye vipuri vingi, fundi anaweza kubadilisha kifaa baada ya kifaa mpaka mashine iwake. Penye vipuri haba, lazima ajue ugonjwa kabla hajagusa dawa. Kubahatisha kunakula pesa za watu.

Fundi niliyemtazama zaidi akifanya kazi alijifunzia Buyenzi, ule mtaa wa Bujumbura unaosifika kwa Kiswahili chake na kwa magereji yake, ambako mtoto hukua akiona injini imefunguliwa. Meza yake Rumonge ina vitu vichache: bisibisi za saizi mbalimbali, brashi ya rangi isiyotumika kwa rangi, maltimita, chupa ya spiriti safi, kifutio cha shule, pasi ya kulehemu, flashi mbili, na skrini moja ya zamani anayoiamini. Pembeni kuna mashine nyingine anayojua kuwa ni nzima. Mashine hiyo haiuzi. Ndiyo anayoitumia kuzipima nyingine.

Mteja akiingia, fundi haishiki mashine. Anaanza na maneno.

“Salaam, fundi. Mashine imekufa.”

“Karibu, kijana. Kaa kwanza. Imekufa vipi?”

“Haiwaki.”

“Feni zinazunguka?”

“Zinazunguka.”

“Basi inawaka, ila haionyeshi. Ilizima yenyewe ukicheza, au uliikuta hivi asubuhi?”

“Niliikuta hivi. Jana tulihamisha meza.”

Fundi anaigeuza mashine, anaonyesha kwa kidole. Kebo ya skrini imechomekwa kwenye tundu la juu, la mazabodi, badala ya tundu la chini, la kadi. Mashine nyingi za ofisi zikishaitambua kadi hulizima tundu la mazabodi, kwa hiyo skrini haipati kitu. Fundi haigusi kebo. Anamwambia kijana aichomoe mwenyewe na kuichomeka panapostahili, na picha inarudi. Nilipenda jinsi alivyofanya. Hakumcheka, na alihakikisha kijana ameondoka na elimu pamoja na mashine yake. Kesho meza ikihamishwa tena, hatapoteza nauli.

Utaratibu wake una kanuni ambazo hazibadiliki. Anatoka nje kwenda ndani: kebo kabla ya kadi, kadi kabla ya chipu. Anatoka kwenye kinachotengenezwa bure kwenda kwenye kinachogharimu. Na anabadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Hii ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote kwa mwenye haraka. Ukibadilisha kebo, ramu na draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi) kwa mpigo mmoja, mashine ikapona, hujui kilichoiponya. Ikirudi kuugua, huna pa kuanzia. Fundi mzuri anataka mashine ipone na pia anataka kujua kwa nini.

Baada ya kebo, anakwenda kwenye umeme. Wakazi wa mwambao huu wanajua umeme unavyokatika na unavyorudi kwa kishindo. Mitambo ya umeme ya Jiji na Mulembwe, kwenye mito inayoteremka kutoka milima ya kusini kuelekea ziwani, ilipangwa kutoa karibu megawati 50, na kila megawati inayoongezeka nchini ni nafuu. Hata hivyo, mashine nyingi zinazofika mezani zilishaumizwa na miaka ya nyuma, na kinachoumia kwanza ni pawasapulai. Tatizo ni kwamba pawasapulai mbovu huvaa sura ya kadi mbovu. Mashine inawaka vizuri, inafungua Windows, inacheza video, lakini gemu nzito ikianza inazima ghafla. Kila mtu anasema kadi imekufa.

Niliona kesi kama hiyo kwa karibu. Kijana alikuja na kadi iliyohitaji waya wa pini 6, nayo pawasapulai yake ya ofisi haikuwa na waya huo. Alikuwa ameshajipanga kwenda Bujumbura kutafuta kadi nyingine. Fundi aliiwasha mashine ikiwa wazi, akaingiza ncha nyekundu ya maltimita nyuma ya soketi, ikagusa waya wa njano, na ncha nyeusi ikagusa waya mweusi. Maltimita ikasoma volti 12.1. Akatuambia tusifurahi bado. Akafungua FurMark, programu inayoifanyisha kadi kazi ngumu kuliko gemu yoyote, akaiacha ikimbie, macho yake yakiwa kwenye namba. Ikashuka 11.9, ikashuka 11.6, ikagusa 11.3, na mashine ikajizima na kuwaka upya. Kanuni ya pawasapulai za kompyuta ni kwamba laini ya volti 12 isitoke nje ya asilimia 5, yaani isiende chini ya 11.4 wala juu ya 12.6. Jibu lilikuwa limejiandika lenyewe. Kadi ilikuwa ikidai umeme ambao haukuwepo.

Kisha akamwonyesha jambo la pili, la hatari zaidi. Ili kupata waya wa pini 6, kijana alikuwa amenunua adapta inayochukua umeme kwenye soketi ya SATA, ile ya diski. Soketi ya namna hiyo imeundwa kubeba wati 54 kwenye laini ya volti 12. Waya wa pini 6 unaruhusiwa kuvuta wati 75, na ule wa pini 8 wati 150. Plastiki ya adapta ilikuwa imeanza kubadilika rangi, kutoka nyeupe kuwa ya kahawia. Fundi aliikata kwa koleo palepale, kwa idhini ya mwenyewe, ili isirudishwe na mtu mwingine. Kadi aliyokuwa akiilaumu kijana ilikuwa nzima. Kilichohitaji kubadilishwa ni pawasapulai, kitu cha bei ndogo zaidi na rahisi zaidi kupatikana.

Wasomaji wanaodhani haya ni matatizo ya mashine za mitumba wakumbuke yaliyotokea mwaka 2022. Nvidia ilitoa RTX 4090 kwa bei ya kuanzia dola 1,599, na baada ya wiki chache picha za soketi zilizoyeyuka zikaanza kuenea. Kampuni ilipochunguza ilieleza kwamba tatizo la kawaida lilikuwa waya ambao haukusukumwa mpaka mwisho. Waya uliokaa vibaya unapitisha umeme kwa sehemu ndogo, sehemu hiyo inachemka, plastiki inayeyuka. Fundi wa Rumonge anayeusukuma kila waya mpaka asikie mlio wa kushika anafanya kitu ambacho wenye mashine za mamilioni walikisahau.

Umeme ukiwa sawa, linafuata joto. Mwambao wa Tanganyika uko kwenye mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na ukilinganisha na vilima vya Bururi kule juu, huku ni joto. Chumba chenye paa la bati na mashine kadhaa zinazocheza mpira saa nane mchana hakina hewa ya kupoza kitu. Chipu za Nvidia za kizazi cha GTX 1050 Ti na ndugu zake huanza kujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 83. Hapo gemu inaanza kukwamakwama, feni zinapiga kelele, na mchezaji analaumu intaneti.

Kazi ya kuitibu kadi yenye joto ndiyo ninayoipenda kuitazama kuliko zote. Fundi anachomoa waya wa ukutani, anabonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki utoke, na anagusa chuma cha kasha ili atoe umeme tuli mwilini mwake. Anaachia kile kikufuli kidogo cha plastiki kilicho mwisho wa sloti. Wengi hukisahau na kuivunja sloti kwa kuvuta kwa nguvu. Anaitoa kadi kwa kushika kingo zake. Vumbi analitoa nje ya chumba, kwa brashi, huku kidole kimoja kikizuia feni isizunguke, kwa sababu feni ikipulizwa kwa kasi inaweza kuharibu beringi zake. Halafu anafungua skrubu nne zinazozunguka chipu, hatua kwa hatua, kwa mfano wa msalaba, akilegeza kila moja kidogo kabla ya kuimaliza yoyote. Kipoozeo kikigoma kutoka, hakitengui kwa bisibisi. Anakizungusha polepole kulia na kushoto mpaka pesti iliyokauka iachie.

Pesti hiyo, inayopitisha joto kutoka kwenye chipu kwenda kwenye kipoozeo, kwenye kadi ya zamani huwa imekuwa kama chokaa. Anaifuta kwa kitambaa na spiriti mpaka uso wa chipu ung’ae na namba zake zisomeke. Anaweka pesti mpya kidogo tu katikati, kwa sababu kazi yake ni kujaza mianya midogo isiyoonekana kwa macho, na ikizidi inazuia joto badala ya kulipitisha. Kuna vipande laini vinavyokaa juu ya chipu za kumbukumbu. Hivyo anavipima unene kabla ya kubadilisha. Kipande cha milimita 1.5 kikiwekwa mahali pa milimita 1, kipoozeo kinainuka, chipu kubwa inakosa kugusana nacho vizuri, na kadi inarudi na joto kuliko ilivyokuja. Mwisho anachukua kifutio cha shule na kusugua taratibu meno ya dhahabu yanayoingia kwenye sloti, anayafuta kwa spiriti, anasubiri ikauke, ndipo anairudisha. Kazi yote inafanyika bila kipuri kipya hata kimoja, na mara nyingi inatosha.

Kuna matatizo yasiyo ya chuma. Windows imewekewa kanuni kwamba kadi isipojibu kwa sekunde 2, mfumo unaifungua upya draiva yake; mchezaji anaona skrini inakuwa nyeusi kidogo, kisha picha inarudi na ujumbe kuwa draiva iliacha kujibu. Huenda draiva mpya imepandishwa juu ya mabaki ya ile ya zamani, hasa kadi ya AMD inapochukua nafasi ya kadi ya Nvidia au kinyume chake. Fundi anaiwasha mashine katika hali salama, anasafisha mabaki yote kwa programu iitwayo DDU, halafu anaweka draiva inayolingana na kadi. Draiva moja ina ukubwa wa mamia ya megabaiti, na bando ni pesa. Ndiyo maana ya zile flashi mbili mezani: ndani yake kuna draiva za kadi zinazopatikana sana huku, zimepangwa kwa majina na miaka. Hiyo ni maktaba, na ameijenga kwa fedha yake.

Ustadi unapanda daraja picha zinapoanza kuharibika: vitone vya rangi, miraba, mistari ya wima, mikunjo ya ajabu kwenye nyuso za wachezaji. Swali la kwanza ni lini. Madoa yakionekana tangu nembo ya kampuni, kabla Windows haijapanda, draiva haihusiki, ni kifaa. Yakija gemu inapopamba moto tu, huenda ni joto, umeme, au kadi iliyoongezewa kasi kupita uwezo wake. Swali la pili, kosa liko wapi, fundi analijibu kwa njia rahisi iliyonishangaza kwa uzuri wake. Anapiga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, anaihifadhi kwenye flashi, anaifungua kwenye ile mashine nzima. Madoa yakiwemo kwenye picha, kosa limetokea wakati wa kuchora, yaani kwenye kadi au draiva. Picha ikiwa safi, kosa liko njiani, kwenye kebo, tundu au skrini yenyewe. Jaribio hilo halichukui dakika tano na halina gharama, nalo linagawa tatizo katika nusu mbili.

Anajua pia kuzitambua kadi za uongo, na hapa anawaokoa watu. Kwa miaka kadhaa sokoni zimepita kadi zinazojitambulisha kuwa GTX 1050 Ti ilhali ndani yake kuna chipu ya GTS 450 au GTX 550 Ti, za mwaka 2010 na 2011, zilizoandikiwa jina jipya kwenye kumbukumbu yao ya ndani. Windows inaamini jina lililoandikwa. Ukiweka draiva halisi, mashine inavurugika. Programu ya GPU-Z imekuwa ikiziumbua kadi hizo tangu 2018, lakini fundi hamalizii hapo. Anafungua kipoozeo na kusoma namba iliyochorwa juu ya chipu: 1050 Ti ya kweli ni GP107; ikiwa ni GF106 au GF116, ni ya zamani. Anamwita mteja asome kwa macho yake. Habari ni mbaya, ila imetolewa kwa ushahidi, na mteja ana kitu cha kumwonyesha aliyemuuzia.

Maji nayo yana sura yake. Mwaka 2024 ziwa lilipanda na kuingia katika nyumba nyingi za mwambao wa Burundi, na vyombo vya watu vikalowa. Ushauri wa fundi kwa mashine iliyolowa ni mmoja na hana mzaha nao: usiiwashe ili kuona kama bado inafanya kazi. Maji yenye tope yanapitisha umeme, na kinachoua kadi ni ule umeme wa kujaribu. Chomoa kila kitu, toa na ile betri ndogo ya mazabodi, safisha tope kwa spiriti na brashi laini, acha ikauke kwa siku kadhaa mahali penye hewa, ndipo upime. Kadi iliyosubiriwa ina nafasi ya kupona. Iliyowashwa kwa pupa mara nyingi haina.

Na kuna kazi ambayo fundi huyu anaikataa. Watu wanakuja wakiwa wamesikia kwamba kadi iliyokufa hufufuka ikiokwa kwenye oveni au ikipulizwa upepo wa moto. Ni kweli kwamba baadhi huwaka. Sababu inajulikana tangu balaa la miaka ya 2007 na 2008, pale Microsoft ilipotenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya kutengeneza Xbox 360, na Nvidia ikatenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa chipu za kompyuta za mkononi zilizokuwa zikifa. Viungo vidogo mno vinavyoishika chipu hupata nyufa kwa kupata joto na kupoa maelfu ya mara. Joto la oveni linavitanua, vinagusana tena, picha inarudi. Baada ya siku au wiki ufa unafunguka, na safari hii plastiki na kapasita za jirani nazo zimeshaumia. Kutengeneza viungo hivyo kwa haki kunahitaji mashine ya kuinua chipu, joto linalodhibitiwa, na chipu mpya, maana lehemu ya kisasa isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzi kama 217, ilhali ile ya zamani iliyeyuka kwenye 183. Fundi hana mashine hiyo, na hasemi anayo. Anamwambia mteja: “Ndugu, hii sitaidanganya ili ikudanganye wewe.” Angeweza kuichoma dakika chache, akapokea pesa, na mteja akaondoka na furaha ya wiki mbili. Anakataa, na anakosa mapato. Kwangu mimi hapo ndipo ufundi wake unapofika kileleni.

Nimeusifu utaratibu huu kwa sababu nauona unafaa zaidi ya kompyuta. Meza hiyohiyo hupokea taa za wavuvi wa ndagala, chaja za sola, redio na simu, na fundi anaziendea zote kwa njia moja: anauliza, anatazama, anapima, anabadilisha kitu kimoja, anapima tena, kisha anasema anachokijua na anaishia hapo. Kijana anayekaa pembeni yake mwaka mmoja anajifunza kufikiri kwa mpangilio, na elimu hiyo ataitumia hata kadi hizi zikishakuwa vyuma chakavu.

Hata hivyo, kuna dhuluma ndogo tunayomfanyia, nayo iko mikononi mwetu kuiondoa. Wateja wengi hulipia kipuri, hawalipii kupimwa. Fundi akikaa saa mbili na kugundua kwamba kebo ilikuwa imelegea, mteja anasema hukufanya kitu, mbona hukubadilisha chochote. Kwa tabia hiyo tunamfundisha fundi kusema uongo: akibadilisha kifaa kizima atalipwa, akisema ukweli atakosa. Anayeokoa safari ya Bujumbura na bei ya kadi nzima amefanya kazi kubwa kuliko anayeuza kadi mpya.

Basi ukimpelekea fundi mashine yako, iwe Rumonge, Minago au Nyanza-Lac, mweleze ukweli wote wa ilivyoharibika, hata ule unaokuaibisha. Mpe muda apime. Akikuambia kadi yako ni nzima, mshukuru. Na hata kama hajabadilisha skrubu moja, mlipe.